Namna ya Kuhifadhi Ujumbe wa Mitandaoni Ili Usimame Mahakamani

Siku hizi ni nadra kupata kesi ya deni, talaka, kashfa au vitisho isiyokuwa na ujumbe wa WhatsApp au chapisho la Facebook ndani yake. Wengi hufika mahakamani na picha ya skrini iliyochapwa kwenye karatasi, wakiamini kwamba maneno yaliyomo yanajitosheleza, kisha hupigwa na butwaa pale wakili wa upande wa pili anapouliza picha hiyo imetoka kwenye simu ya nani, imechapwa na nani, na mahakama itajuaje kwamba haikuguswa njiani. Mwongozo huu unahusu kujiandaa kuyajibu maswali hayo tangu ujumbe unapoingia, na umejengwa juu ya sheria za Kenya na Tanzania, ambazo katika jambo hili zinakaribiana sana.

Nchini Kenya, kifungu cha 78A cha Sheria ya Ushahidi, kilichoongezwa mwaka 2014, hakiruhusu mahakama kuukataa ushahidi wa kidijitali kwa sababu tu hauko katika umbo lake la asili. Nchini Tanzania, kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 nacho hakiruhusu ujumbe ukataliwe kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Hata hivyo, kupokelewa ni jambo moja na kuaminiwa ni jingine. Sheria zote mbili zinamtaka hakimu apime jinsi rekodi ilivyotengenezwa, ilivyotunzwa na ilivyotumwa, jinsi ukamilifu wake ulivyolindwa, na jinsi mwandishi wake alivyotambuliwa. Kila hatua utakayochukua ilenge kumsaidia hakimu katika mojawapo ya mambo hayo.

Anza kwa kutofuta chochote. Tangu mwaka 2016 mazungumzo ya WhatsApp yamefungwa kwa usimbaji unaowawezesha wanaoandikiana peke yao kuyasoma, na kwa sababu hiyo usitarajie kwamba kampuni itakutolea maneno yaliyofutwa. Simu yako, na si karatasi, ndiyo kielelezo chenyewe. Usiiuze, usiirudishe katika hali ya kiwandani, na kama umenunua nyingine, iweke ile ya zamani mahali salama pamoja na laini yake. Ikiwa mazungumzo yamewekwa katika mpangilio wa ujumbe unaojifuta baada ya muda, uzime mpangilio huo mara moja, kisha utengeneze nakala ya akiba. Kumtumia rafiki ujumbe huo ili akutunzie hakusaidii, kwa kuwa unapotumwa mbele hupoteza jina la mwandishi wa kwanza na saa aliyouandika.

Unapopiga picha ya skrini, kumbuka kwamba jina linaloonekana juu ya mazungumzo huwa ni lile ulilolihifadhi wewe mwenyewe, na mtu yeyote anaweza kuihifadhi namba yoyote kwa jina lolote. Fungua ukurasa wa maelezo ya mhusika ili namba yenyewe ionekane, na uupige picha pia. Kisha uyapige mazungumzo kwa mfululizo, ukiacha mstari wa mwisho wa picha moja uonekane tena mwanzoni mwa picha inayofuata, pamoja na tarehe. Usiruke maneno yanayokuudhi au yanayokuumbua. Sentensi moja ya kitisho iliyonyofolewa katikati ya utani wa nusu saa huvunjwa kwa urahisi na upande wa pili, ambao nao una simu yenye mazungumzo yaleyale. Sauti zilizorekodiwa zihifadhiwe kama mafaili, na maandishi ya yaliyosemwa yaandaliwe kando.

Machapisho ya hadharani yana tabia nyingine: mwenyewe anaweza kuyafuta usiku huohuo. Nakili kiungo kamili cha chapisho lenyewe, si cha ukurasa wa mbele wa akaunti, maana jina la kuonyesha hubadilishwa wakati wowote. Kama ukurasa unafunguka bila kuingia kwa nenosiri, unaweza kuuhifadhi kupitia Wayback Machine, tovuti ya kuhifadhi kurasa za mtandaoni, ambayo huweka nakala yenye tarehe nje ya mikono yako. Mwombe pia mtu mwingine alifungue chapisho hilo kwa simu yake, ili baadaye aweze kutoa ushahidi wa alichokiona mwenyewe. Na hapa kuna mtego unaotuhusu sisi hasa: simu ikionyesha 22:15, mdomo unasema saa nne na robo usiku, na aliyeandika “saa 4:15” katika hati ya kiapo amezua ukinzani usiokuwa na sababu. Andika saa kama simu inavyoionyesha, kisha ufafanue kwa maneno.

Hatua inayoangusha watu wengi ni ya karatasi. Kifungu cha 106B cha sheria ya Kenya kinadai cheti kinachoitambulisha rekodi, kinachoeleza jinsi ilivyotolewa na kutaja vifaa vilivyotumika, kikiwa kimetiwa saini na mtu mwenye dhamana juu ya vifaa au kazi hiyo. Nchini Tanzania mawakili huambatanisha hati ya kiapo yenye maelezo ya namna hiyo. Ukipeleka picha zikachapwe saiba au kwenye duka la steshenari, kompyuta na printa za pale zimeingia katika safari ya ushahidi wako, na zinapaswa kutajwa. Kwa maoni yangu ni heri mtu mmoja apige picha, ahamishe, achape na atie saini, kuliko kazi kupita mikononi mwa watu wanne ambao mmoja wao hatapatikana siku ya kesi.

Uzito wa maelezo ya namna hii umeonekana hata katika mashauri makubwa. Mwaka 2018 mahakama ya kijeshi huko Bukavu, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliwatia hatiani makamanda wawili wa waasi katika kesi ambayo sehemu ya ushahidi wake ilikuwa picha zilizopigwa kwa programu ya eyeWitness to Atrocities, inayorekodi saa na mahali pa kila picha na kuonyesha iwapo imebadilishwa. Kinyume chake, Septemba 2022 Mahakama ya Juu ya Kenya, ikiamua shauri la uchaguzi wa rais, ilisema kwamba baadhi ya kumbukumbu za kompyuta zilizoletwa mbele yake zilitokana na uchaguzi wa 2017 au zilikuwa za kughushi kabisa.

Usiutafute ushahidi kwa kufungua simu au akaunti ya mtu mwingine bila idhini yake, hata kama ni ya mwenzi wako wa ndoa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu makosa ya kompyuta inaweka adhabu ya hadi shilingi milioni 5 au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili, kwa kuingia bila ruhusa, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 nayo inalihesabu jambo hilo kuwa kosa. Zaidi ya hayo, Ibara ya 50(4) ya Katiba ya Kenya inaitaka mahakama iutupe ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki za mtu, ikiwa kuupokea kutaharibu usawa wa kesi. Vilevile, kesi ikishafunguliwa, usiyachapishe mazungumzo hayo mtandaoni ili umma uhukumu kwanza, kwa maana unaweza kujikuta ukijibu madai ya kashfa au ya kuidharau mahakama.

Muda nao haungoji. Dai la kashfa nchini Kenya hufunguliwa ndani ya miezi 12, ambayo hupita upesi kwa anayesubiri kuombwa radhi. Mwenye deni dogo lililokubaliwa kwa WhatsApp ana njia nyepesi zaidi: Mahakama ya Madai Madogo ya Kenya husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na haifungwi na kanuni kali za ushahidi, ingawa hata huko ni busara kwenda na simu yenye chaji, mazungumzo yakiwa kamili ndani yake, pamoja na taarifa ya M-Pesa inayoonyesha fedha zilivyotumwa.