Anza na bawa la nyuma: kumtambua kipepeo kwenye picha

Mwaka mzima kila kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi niliyempiga picha hapa Newala nilimwandika Danaus chrysippus. Nilipozikuza picha zile upya kwenye simu, saba hazikuwa zake. Zilikuwa za Hypolimnas misippus jike. Danaus hupata sumu tangu akiwa kiwavi, kwenye mimea yenye utomvu mweupe, na ndege aliyemwonja hamrudii. Hypolimnas hana sumu hiyo. Anaponea kwa kufanana naye.

Kwa hiyo rangi iache kwanza, tazama bawa la nyuma. Danaus ana madoa meusi matatu katikati ya bawa, dume ana la nne. Hypolimnas jike ana doa moja tu, karibu na ukingo wa mbele wa bawa hilo. Wapo ambao bawa la nyuma ni jeupe, nao wahesabie madoa vilevile. Dume wa Hypolimnas hakusumbui: ni mweusi, ana mabaka makubwa meupe yenye mng'ao wa zambarau. Ukimwona kando ya jike wake huwezi kudhani ni jamaa moja.

Alama huweza kuwa upande wa juu wa bawa au wa chini, ndiyo maana picha moja haitoshi. Asubuhi, jua likianza kukolea, kipepeo hufungua mabawa aote. Mpige kwa juu. Kisha subiri ayafunge, umpige ubavuni. Inama ulingane naye, na kivuli chako kisimguse, ataruka. Kwa vipepeo wa kundi la Charaxes upande wa chini ndio wenye habari nyingi, na msimu wa korosho huna haja ya kuwafukuza: kaa karibu na mabibo yaliyooza chini ya mkorosho, watakuja wenyewe kunyonya.

Upige na mmea pia, hasa akiwa anataga. Mkubwa mweusi mwenye mabaka ya manjano, asiye na mikia, akitaga kwenye mlimau, huyo ni Papilio demodocus.

Tarehe na mahali viandike siku hiyohiyo. Programu ya iNaturalist hupendekeza majina, lakini linganisha madoa mwenyewe kabla hujakubali. Picha isipoonyesha alama inayotenganisha, ishia kwenye jenasi, yaani jina la kwanza, la kundi. Mweupe niliyempiga jana uani kwa mama ana mabawa yaliyochakaa na ubavu wake sikuupata. Nimemwandika Belenois, jina la jenasi tu, basi.