Kuendesha kikundi cha chuo kinachochunguza uandishi wa habari wa jamii: hatua kwa hatua, pamoja na makosa yangu

Kila mwaka napokea ujumbe wa aina moja kutoka kwa mhadhiri kijana au mwanafunzi wa mwaka wa tatu: "Mwalimu, tunataka kuanzisha kikundi kama chenu, tuanzie wapi?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, basi naandika hapa mara moja. Nafundisha uandishi wa habari Mwanza. Kikundi chetu cha wahadhiri, wanafunzi na watangazaji wa redio jamii kipo mwaka wa saba sasa. Katikati kiliwahi kufa, kikafufuka. Kilichokiua nitakieleza kwenye hatua ya sita, na ukiwa na haraka anzia huko.

Hatua ya kwanza: kubalianeni mnachunguza nini

Kwa Kiswahili jina lenyewe, "uandishi wa habari wa jamii", ni mtego. Ukisema "habari za kijamii", nusu ya chumba wataelewa afya, ndoa, elimu na misiba, yaani zile habari zinazotengwa na siasa na uchumi. Ukisema "uandishi wa kiraia", mwingine anamwona mpita njia anayerekodi ajali kwa simu. "Redio jamii" inaeleweka vizuri, lakini inaliacha nje gazeti la ukutani na hata lile kundi la WhatsApp la mtaa ambalo watu hulisoma kuliko gazeti lolote.

Sisi tulibishana vikao viwili vizima juu ya hili na sijutii. Tulichokubaliana ni kwamba tunachunguza vyombo ambavyo anayeandika na anayeandikwa wanaweza kukutana sokoni kesho yake. Profesa mmoja alicheka aliposikia, lakini fasili hiyo inatusaidia kuamua. Kituo ambacho msoma habari wake hajui kivuko cha Kamanga kinavukia wapi hakimo, hata kama mnara wake tunauona kutoka dirishani.

Ninyi mtakuwa na fasili yenu. Iandikeni sentensi moja, iwekeni juu ya daftari la mihutasari.

Hatua ya pili: tafuta watu tisa, na watatu wasiwe wa chuo

Usianze na tangazo ubaoni. Tangazo linaleta watu arobaini siku ya kwanza na wanne siku ya tatu, na wale wanne si lazima wawe wazuri. Mfuate mtu mmoja mmoja. Sisi tulianza tisa: wahadhiri wawili, wanafunzi wanne, na watatu kutoka vyumba vya habari, mhariri mmoja na watangazaji wa kujitolea wawili.

Hao watatu si wageni waalikwa. Wana kura, wanapanga ajenda, na wakisema makala fulani tunayosoma haina maana kwao, inabidi tueleze kwa nini tunaisoma. Bila wao mtakuwa darasa lingine tu, na madarasa tunayo ya kutosha.

Viongozi? Mwenyekiti awe yeyote mwenye heshima ya kusikilizwa na uongozi wa chuo. Katibu ndiye mtu wa kumtafuta kwa tochi, kwa sababu yeye ndiye anayepiga simu Ijumaa jioni kukumbusha. Na kwa kuwa wanafunzi huhitimu na kuondoka, katibu msaidizi awe wa mwaka wa pili, siyo wa tatu. Tuliwahi kupuuza hili, na mwezi mmoja baada ya mahafali hakuna aliyejua funguo za kabati ziko wapi.

Hatua ya tatu: panga kikao kwa saa ya redio, siyo ya chuo

Watu wa redio wana taarifa ya asubuhi, ya saa 7 mchana na ya jioni. Ukiita kikao saa 4 asubuhi umeshawafukuza. Sisi hukutana Jumamosi mbili kwa mwezi, saa 8:30 mchana, kwa saa mbili tu. Chai na maandazi vinaletwa mwanzoni, siyo mwishoni, maana kuna wanaokuja bila chakula cha mchana na hawatakwambia.

Nusu saa ya kwanza tunasikiliza. Si kuzungumza juu ya redio, ni kuisikiliza hasa: taarifa moja ya habari kutoka kituo cha mmoja wetu, iliyorekodiwa wiki hiyo. Kila mtu ana karatasi yenye safu tano: habari inahusu nini, nani amesikika kwa sauti yake, ni mwanamke au mwanamume, anatoka wapi, na je, kuna mtu aliyelipia habari hiyo itangazwe. Safu ya tano huwa inaleta ukimya.

Nikupe mfano wa kikao kimoja. Taarifa ya saa 7, dakika kumi na mbili, habari sita. Ya kwanza, mkuu wa wilaya aagiza. Ya pili, mkurugenzi wa halmashauri awataka. Ya tatu, diwani ashukuru. Kufika ya nne wanafunzi walikuwa wameshaanza kucheka. Ya tano ilihusu bei ya dagaa kupanda mwaloni, yaani pale boti za uvuvi zinaposhusha samaki, na aliyeielezea alikuwa afisa uvuvi. Wanaoanika dagaa kule wengi wao ni akina mama, na hakusikika hata mmoja.

Nikamgeukia mhariri wa kituo hicho, aliyekuwa amekaa mwisho wa meza. Hakukasirika. Akasema, "Mwalimu, afisa nikimpigia anapokea. Mama wa mwaloni lazima nimfuate, bodaboda elfu nne kwenda na kurudi, na mimi sijapata posho tangu mwezi wa tano."

Kicheko kikaisha. Mwanafunzi mmoja akauliza kwa mwezi kituo kinatumia kiasi gani kwa nauli. Jibu lilikuwa fupi: hakuna fungu hilo. Kutoka hapo tukapata swali la utafiti wetu wa mwaka mzima, nalo ni je, nauli ya mwandishi inaamua nani asikike? Swali hilo nisingelipata maktabani hata ningekaa mwezi.

Hatua ya nne: someni kidogo, someni vya karibu

Saa moja ya katikati ni ya kusoma. Kosa la kawaida ni kuanza na nadharia za Marekani kuhusu magazeti ya miji midogo yenye wasomaji wanaolipa na maduka yanayotangaza. Zina faida yake, ila zisubiri muhula wa pili. Anzeni na mambo ambayo mtu kikundini anaweza kusema "babu yangu alikuwepo".

Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 inafaa sana kwa kikao cha kwanza. Watu wazima wapatao milioni 2 nchini Tanzania walikaa kwenye vikundi vya kusikiliza redio, wakajadili malaria, maji na vyoo, kisha wakaenda kuchimba vyoo kweli. Ulizeni: huo ulikuwa uandishi wa habari wa jamii? Wapo watakaosema ndiyo, jamii ilikaa, ikajadili, ikatenda. Wapo watakaosema sauti ilitoka Dar es Salaam na haikuwa na njia ya kurudi kwa ukubwa uleule. Waacheni wabishane. Mimi niko upande wa pili, lakini kila mwaka kuna anayenitikisa.

Kisha Homa Bay, Kenya. Kituo kidogo cha redio kilifunguliwa pale mwaka 1982 kwa msaada wa UNESCO, serikali ikakifunga mwaka 1984. Miaka miwili tu. Linganisheni na Mang'elete kule Ukambani, redio iliyotokana na vikundi vya akina mama walioanza kwa kusikiliza vipindi vilivyorekodiwa, muda mrefu kabla hawajawa na mtambo wao wenyewe. Kipi kilitangulia, mtambo au kikundi? Kwangu hilo ndilo swali la kuwapa wanafunzi wanaodhani redio jamii huanza siku mnara unaposimikwa.

Na msiikwepe sheria. Sheria ya Huduma za Habari ya Tanzania ya mwaka 2016 ilileta ithibati kwa waandishi, yaani kutambuliwa rasmi kabla ya kufanya kazi hiyo, na kanuni zake zikaweka stashahada kuwa kiwango cha chini. Sasa yule kijana wa kujitolea wa kidato cha nne, anayejua kila kisima kilichokauka katika kata yake, ni nani mbele ya sheria hiyo? Kikao chetu juu ya jambo hili ndicho pekee kilichopita saa mbili, na waliozungumza zaidi walikuwa wale watatu wasio wa chuo.

Hatua ya tano: utafiti mmoja mdogo kwa mwaka

Mmoja. Mkitaka mitatu hamtamaliza hata nusu.

Karatasi kwanza. Kwa wahadhiri na wanafunzi wa Tanzania mnaanza na barua ya chuo, kisha barua inashuka ngazi: katibu tawala wa mkoa, wa wilaya, mkurugenzi wa halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji. Mtafiti kutoka nje ya nchi anapitia COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Kwa Kenya kibali kinatoka NACOSTI, tume ya huko ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Barua ya mtendaji wa kijiji ndiyo yenye kazi kuliko zote, kwa hiyo msiichukulie kuwa mwisho wa mchakato tu. Mkirekodi sauti na kuandika majina ya wananchi, kumbukeni pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022: mwambieni mtu mnachukua nini, kwa kazi gani, na mtakiweka wapi, kwa lugha anayoielewa. Saini kwenye fomu ya Kiingereza si ridhaa.

Kuhusu kuchagua taarifa za kuchambua, msichukue wiki moja mfululizo. Tulifanya hivyo mara ya kwanza, na wiki ile Mwenge wa Uhuru ulikuwa unapita wilayani. Kila habari ikawa ya Mwenge. Chukueni Jumatatu ya wiki ya kwanza, Jumanne ya wiki ya pili, Jumatano ya wiki ya tatu, hivyo hivyo mpaka Jumapili ya wiki ya saba. Mnapata wiki moja iliyoshonwa kutoka wiki saba, na tukio moja haliwezi kuimeza yote.

Kabla ya kujaza jedwali, watu wawili wasikilize taarifa zilezile kila mmoja kivyake, kisha walinganishe karatasi zao. Wakitofautiana zaidi ya mara mbili katika kumi, msilaumu wasikilizaji. Maelekezo yenu ndiyo hayaeleweki. Sisi tulikwama kwenye neno "kiongozi": mmoja alimhesabu mwenyekiti wa kitongoji kuwa kiongozi, mwenzake akamhesabu kuwa mwananchi wa kawaida. Wote wawili walikuwa na hoja, ikabidi tuongeze safu.

Hatua ya sita: rudisha matokeo kabla ya kuyapeleka popote

Hiki ndicho kilichotuua. Mwaka wa tatu tulimaliza utafiti mzuri, tukaandika ikisiri, ikakubaliwa kwenye kongamano, nikasafiri kuiwasilisha kwa Kiingereza. Makofi nikapigiwa. Wiki mbili baadaye meneja wa kituo tulichokichunguza akasikia kutoka kwa mtu wa tatu kwamba "wasomi wanasema redio yenu ni ya wakubwa". Hakupiga simu kugomba. Aliacha tu kupokea simu zangu, na mhariri wake hakuonekana tena Jumamosi. Mmoja baada ya mwingine, watu wa redio wakaisha, na sisi wa chuo tukabaki tukitazamana. Muhula uliofuata hatukukutana hata mara moja.

Nilikwenda kumwona mwenyewe. Nilikaa kwenye benchi la nje karibu saa mbili. Aliponiita ndani hakuzungumzia takwimu. Aliuliza kwa nini mgeni wa kongamano aliyajua mambo ya nyumba yake kabla yake. Sikuwa na jibu. Nikasema, "Nimekosa, kaka."

Tangu siku hiyo utaratibu ni huu. Matokeo yanapelekwa kwanza kituoni, kwa Kiswahili, kurasa mbili, yakisomwa kwa sauti mbele ya wote pamoja na fundi mitambo. Wana siku kumi na nne za kujibu, na majibu yao yanaingia kwenye makala kama yalivyo hata kama hatukubaliani nayo. Baada ya hapo tunakwenda hewani. Kituo kinatupa nusu saa, tunaeleza tulichokuta, wasikilizaji wanapiga simu. Kongamano ni la mwisho.

Kipindi cha kwanza cha namna hiyo, simu ya pili ilitoka mwaloni. Mama mmoja alisema amesikia tunazungumzia bei ya dagaa, na kwamba bei tuliyoitaja ni ya mwezi uliopita. Mhariri akaandika namba yake pale pale ukutani, kwa kalamu ya wino mzito, chini ya namba ya afisa uvuvi.

Hatua ya saba: fedha, kwa kifupi

Ada ndogo ilipwe na wahadhiri; wanafunzi na watu wa redio wasilipe. Nauli ya wasio wa chuo irudishwe siku hiyo hiyo, mkononi, kwa saini. Posho ya kikao msianze, maana hamtaweza kuiacha. Mfadhili akija na ajenda yake ya vipindi, mpelekeni kwenye kituo chenyewe. Kikundi kisiwe dalali.

Hatua ya nane: kumbukumbu

Daftari la mihutasari, jedwali la kila utafiti, na sauti zote ziwe sehemu mbili: kwenye diski ya nje inayofungiwa kabatini, na nakala kwa katibu msaidizi. Kila faili lipewe jina la tarehe na kituo, siyo "redio mpya 2". Nenosiri la barua pepe ya kikundi liandikwe kwenye karatasi, litiwe bahasha, ikae kwa mkuu wa idara. La kwetu la mwaka wa kwanza aliondoka nalo katibu aliyehitimu, akabadilisha namba ya simu, na sauti zote za vikao vyetu kumi na vinne vya mwanzo bado zimo humo.