Kioo cha umbo la ajabu sebuleni, na chumvi ya Mombasa isikile

Kama ushatoa makorokoro yote sebuleni ukabaki na kochi, mkeka na ukuta mweupe, basi kioo kimoja tu chenye umbo lisilo la kawaida chatosha, usiweke na picha kando yake. Watu wanapenda kuonyeshana Ultrafragola, kile kioo cha mbunifu Mwitaliano Ettore Sottsass cha 1970 chenye fremu ya mawimbi na taa ya pinki. Kizuri sana, lakini kile chataka chumba chote kiwe chake. Hapa twataka kioo kitupu, bila fremu.

Anza na kadibodi, boksi la friji lafaa. Chora umbo, mimi nilichora kama maji yaliyomwagika sakafuni, ukate ulibandike ukutani siku tatu hivi ulitazame asubuhi na jioni. Langu nilipunguza mara mbili manake lilikuwa lameza ukuta. Libandike ukuta wa ubavuni mwa dirisha ndo mwanga uzunguke chumbani, hasa nyumba za Mji wa Kale zilizobanana, alafu kaa kwenye kochi uangalie kitaonyesha nini, kikitazama rundo la viatu mlangoni utakuwa na marundo mawili.

Hiyo kadibodi mpelekee fundi wa vioo. Milimita 4 yatosha, mita moja mraba ni kilo 10, ya milimita 6 ni kilo 15. Umbo likiingia ndani liingie kwa mviringo, kona kali ya ndani ndo kioo hupasukia hapo. Kingo zisagwe vizuri.

Sasa mgongo wa kioo, hapa ndo pesa hupotea. Cha kwanza changu fundi alikibandika na silikoni ile inayonuka siki, haikufika mwaka kingo zikaanza kuwa nyeusi, madoadoa kama kutu, niliumia sana. Ile harufu ni asidi na inakula ile fedha iliyopakwa nyuma, na hewa yetu ya chumvi inamalizia. Itisha silikoni isiyo na asidi, ya vioo. Kingo zipake vanishi ya kuzuia maji, skrubu ziwe stenlesi, na uache nafasi ya kidole nyuma hewa ipite. Kuta za mawe ya matumbawe humung'unyuka kwa hivo toboa polepole, shimo refu.

Ukisafisha pulizia maji kwenye kitambaa, usipulizie kioo chenyewe, yatateremka kwenye ukingo wa chini yakae hapo.