Kubadili mpira wa AC ya gari: usikimbilie kujaza gesi

Wateja wengi hufika gereji na neno moja: "Fundi, nijazie gesi." Gesi ya AC haitumiki ikaisha kama petroli. Ikipungua, ujue kuna inapotokea. Kwenye magari mengi ninayoyashika hapa Dar es Salaam, inatokea kwenye mpira wa kompresa (pampu inayosukuma gesi ya AC), pale ulipobanwa na chuma chake. Ukikuta mafuta yaliyoshika vumbi hapo, umeupata ugonjwa, maana mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi.

Mipira ni miwili. Mnene hurudisha gesi ya baridi kwenye kompresa, mwembamba hupeleka gesi ya moto kwenye kondensa, rejeta ya AC iliyo mbele ya gari. Usikubali kukatiwa na kuungiwa kwa klipu za mpira wa maji. Upande wa moto presha hupita psi 200, hapadumu hapo.

1. Nyonya gesi iliyobaki kwa mashine. Usilegeze boliti ili itoke yenyewe: R134a, gesi ya AC ya magari mengi, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, ikikurukia jichoni inaunguza kwa baridi. Vaa miwani na glovu.

2. Injini ikishapoa, chomoa waya wa hasi wa betri, fungua mpira, kisha ziba matundu palepale kwa plastiki safi.

3. Weka oringi (pete za mpira za kuziba maungio) mpya hata kama za zamani zinaonekana nzima. Zipake mafuta ya kompresa ya aina iliyoandikwa kwenye gari, kamwe si ya injini. Kaza kwa kiasi. Boliti inaingia kwenye alumini, na nyuzi zake zikichubuka kazi imekuwa kubwa.

4. Vuta vakyumu, yaani toa hewa yote ndani ya mfumo kwa pampu, dakika 30 au zaidi. Hapa ndipo mafundi wengi wanapoharibu. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na mafuta ya kompresa huunyonya. Ukibaki ndani, maji huganda kwenye vavu ya kupozea, AC ikawa inapoza na kuacha, na baadaye asidi inakula kompresa. Dar geji ishuke karibu na -29 (inchi za zebaki). Ukiwa Nairobi itagota karibu na -24 kwa sababu ya mwinuko, usiilaumu pampu. Funga vavu, zima pampu, subiri robo saa. Mshale ukipanda, usijaze chochote, tafuta panapovuja.

5. Jaza gesi kwa mizani, gramu zilezile za kwenye stika chini ya boneti. Injini ikiwa inanguruma, jazia upande wa bluu wa geji (presha ndogo) tu, chupa ikiwa wima. Vavu nyekundu (presha kubwa) ibaki imefungwa, la sivyo presha itarudi kwenye chupa na inaweza kuipasua.

Mwisho, zima gari na upake povu la sabuni kwenye maungio yote mawili ya mpira mpya. Likitoa mapovu, nyonya gesi tena na urudi kwenye oringi.