Somo: Kuunganisha seva ya majaribio nyumbani, Kisumu

Hatua ya 1, stima. Huku kando ya ziwa mvua mara nyingi huja na radi. Kabla hujachomeka chochote, mwite fundi apime waya wa ardhini wa soketi yako. UPS nayo, yaani betri ya akiba stima ikipotea, isome wati, si VA peke yake: nyingi za 650 VA hazibebi zaidi ya wati 390.

Hatua ya 2, seva. Fungua kasha, puliza vumbi. Vijidudu vya ziwani hufuata taa usiku na kujaza feni, kwa hiyo seva ikae mbali na dirisha. Kisha acha Memtest86+ ipime RAM hadi asubuhi.

Hatua ya 3, mtandao. Tulieni hapa. Zamani kazini niliunganisha seva ya majaribio yenye DHCP, huduma inayogawia kompyuta anwani za mtandao, kwenye swichi ya mtandao ya ofisi. Ikaanza kugawa anwani zake, na kufikia saa nne asubuhi nusu ya kompyuta zilikuwa hazipati intaneti. Niliumia sana kuona wenzangu wamekwama kwa sababu yangu. Tangu hapo natumia swichi yenye VLAN, yaani inayogawanya mtandao mmoja kuwa kadhaa iliyotengana: 10 ya kusimamia seva, 20 ya majaribio, 30 ya hifadhi. DHCP haitoki nje ya 20, na anwani za huko ni 10.20.0.0/24, nikiona namba tu najua niko wapi.

Hatua ya 4, hifadhi. Diski mbili za TB 1 zikiwekwa kwa mtindo wa kioo, kila moja ikibeba data ileile, hukupa TB 1. Ukitumia ZFS, mfumo wa faili unaosimamia diski wenyewe, usipitishe diski kwenye kadi ya RAID, ile inayounganisha diski kabla mfumo haujaziona. Halafu, kama seva inaruhusu kuchomoa diski ikiwa inawaka, chomoa moja huku ukinakili faili, uone kama kazi inaendelea. Fanya hivyo leo, kabla hujaweka chochote unachokithamini.

Maswali

*Mwalimu, nina deskitopu moja ya RAM GB 8. Nianze?* (Kondele)
Anza, dada. Weka Proxmox, mfumo wa kuendesha seva pepe (seva za programu ndani ya kompyuta moja), na seva pepe mbili za Linux ya maandishi matupu. GB 1 kila moja inatosha.

*Nikiwa na kioo, nakala ya nini tena?* (Kakamega)
Ukifuta faili, kioo hufuta pande zote mbili papo hapo. Nakala ikae kwenye diski nyingine, iliyochomolewa.

*MTU 9000 imenigomea: faili ndogo zinapita, kubwa zinakwama.* (Nakuru)
Kaka, MTU ni ukubwa wa juu wa pakiti moja ya data, na kuna kifaa kimoja njiani kimebaki 1500, mara nyingi ni swichi. Jaribu `ping -M do -s 8972` kutoka kila upande.