Mkate wa mashine Arusha na Moshi: punguza hamira, tazama donge

Kijitabu kinachokuja na mashine ya mkate kimeandikwa kwa mtu anayeishi karibu na usawa wa bahari, mwenye unga wenye nguvu na umeme usiokatika. Ukikifuata neno kwa neno ukiwa Njiro au Sakina, hapa Arusha, mkate utapanda vizuri kwa saa mbili, kisha utadidimia katikati kama godoro la zamani. Arusha mjini iko karibu mita 1,400 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo gesi ya hamira haipati kizuizi cha kutosha: donge linaumuka upesi, kuta za vitundu zinavutika kuliko unga unavyoweza kuhimili, na joto la kuoka likianza zinapasuka. Moshi iko karibu mita 900, mwinuko wake si tatizo kubwa, lakini joto la Januari na Februari linaharakisha hamira vilevile. Ukipanda Marangu au Machame, rudi kwenye vipimo vya Arusha.

Kabla ya unga, mashine. Nyingi zinazouzwa huku ni za mtumba, na jambo la kwanza si rangi wala idadi ya vitufe. Geuza nyuma usome kibandiko. Umeme wetu ni volti 230 (V), hezi 50 (Hz). Iliyoandikwa 220–240V chomeka tu. Iliyoandikwa 120V imetoka Marekani, na ya 100V imetoka Japani. Ukiichomeka moja kwa moja, ile ya Marekani itatoa joto karibu mara nne ya lililokusudiwa, na ya Japani zaidi ya mara tano. Hutapata nafasi ya kuizima. Hizo zinahitaji transfoma ya kushusha umeme, na ukubwa wake uzidi mahitaji ya mashine: mashine ya wati 600 ipe transfoma ya wati 1,000, si ile ndogo ya kuchajia redio. Transfoma hushusha volti tu, haigusi hezi. Iliyoandikwa 50/60Hz haina neno. Yenye 60Hz peke yake mota yake inaweza kuzunguka polepole na kuchemka, na donge halikandwi sawasawa. Hiyo iache dukani hata kama bei inavutia.

Ukiwa bado dukani, toa sufuria yake ya ndani. Angalia kikandio, yaani kile kibawa kinachozunguka chini, maana wauzaji wengi wanacho kimoja kwa mashine tatu. Bila kikandio umenunua boksi la joto. Zungusha mhimili wa chini kwa mkono: uzunguke kwa ulaini, usikwaruze. Kisha mimina maji robo lita, weka sufuria juu ya gazeti kwa dakika 20. Gazeti likilowa, mpira wa mhimili umekufa, na maji hayo siku ya kazi yatashukia kwenye mota. Rangi nyeusi ya ndani ikiwa imebanduka, mkate utang'ang'ania kila mara. Washa programu ya kukanda dakika mbili ikiwa tupu: mlio wa kuteleza, kama tairi kwenye matope, ni mkanda uliolegea. Mkanda unabadilishika, lakini lipa bei ya mashine mbovu.

Nyumbani, mashine ikae katikati ya meza. Inapokanda donge gumu hutembea yenyewe, na zaidi ya moja imemalizikia sakafuni.

Unga ndio wenye maneno mengi. Tukisema unga wa ngano tunamaanisha vitu viwili tofauti. Pakti nyingi za kilo moja na mbili zinalenga chapati na maandazi: unga laini, unaokubali kusukumwa bila kurudi. Mkate wa mashine unataka unga unaorudi, wenye protini nyingi. Soma nyuma ya pakti, kwenye jedwali la virutubisho kwa gramu 100. Gramu 12 kwenda juu ni wa mkate hasa, 11 unafaa, 10 utakupa mkate mfupi wenye kubomoka. Unga wa viroba vikubwa unaoenda bekari kwa kawaida una nguvu zaidi. Maduka ya jumla yanayowauzia waoka mikate hukubali watu wawili watatu wagawane kiroba. Unga wa kupimiwa sokoni, iwe Kilombero ya Arusha au Mbuyuni ya Moshi, hauna kibandiko, basi ujaribu: kanda vijiko viwili na maji kidogo, acha dakika 20, kisha vuta kipande taratibu kwa vidole. Kikitanuka kuwa utando unaopitisha mwanga ndipo kichanike, nunua. Kikikatika kama udongo, ni wa maandazi.

Hamira nunua ya chengachenga ndogo, ile inayoingia kwenye unga bila kulowekwa. Tazama tarehe, na ukishafungua iweke kwenye chupa yenye kifuniko kinachobana, ndani ya friji. Ukiitilia shaka, changanya kijiko cha chai cha hamira na kijiko cha sukari kwenye nusu kikombe cha maji ya vuguvugu. Baada ya dakika 10 povu liwe limefunika juu. Kama hakuna povu, mwaga; kuongeza hamira iliyokufa hakuifufui. Na mtu ukimtuma dukani, mwambie wazi kwamba hutaki beking pauda.

Pima kwa mizani. Kikombe kimoja cha unga kinaweza kuwa gramu 120 mkononi mwa mtu mmoja na 150 kwa mwingine, na tofauti hiyo ikijirudia mara nne tayari ni mkate mwingine.

Mkate mweupe wa kila siku, kwa mashine ya mkate mkubwa wa takriban gramu 800 hadi 900:

Maji mililita 310
Mafuta ya alizeti vijiko 2 vya chakula
Sukari gramu 20
Chumvi gramu 9, yaani kijiko cha chai kimoja na nusu
Unga wa ngano gramu 500
Hamira gramu 4, yaani kijiko cha chai kimoja na robo

Hiyo ndiyo hamira ya Arusha. Vijitabu vingi kwa unga huu vingetaka 5 au 6. Moshi tumia 5 wakati wa baridi, 4 kukiwa na joto. Chumvi usiipunguze kwa sababu za kiafya bila kujua matokeo: ndiyo breki ya hamira, na mkate usio na chumvi ya kutosha hupanda hovyo kisha ukaanguka. Kama unga wako ni wa gramu 10 za protini, anza na maji mililita 290.

Maji yanaingia kwanza, kisha mafuta, sukari na chumvi. Unga ufuate na ufunike maji yote kama kilima. Chimba kishimo kidogo kileleni, tia hamira humo. Ikigusa maji mapema itaanza kazi kabla ya wakati, na ukitumia saa ya kusubiri, ile inayochelewesha mashine kuanza, usiku kucha itakuwa imechoka kabla kikandio hakijazunguka. Mashine chache zinataka hamira chini kabisa au zina kikasha chake. Hizo zifuate zinavyotaka. Asubuhi za Julai Arusha, maji yawe ya vuguvugu. Moshi ya Februari tumia maji ya friji, maana kukanda kwenyewe kunapasha donge joto.

Chagua programu ya kawaida, ile ya saa tatu hadi tatu na nusu. Ile ndefu ya mkate wa Kifaransa iache hadi uujue unga wako.

Sasa usiondoke. Tangu kikandio kianze, hesabu dakika kumi, fungua kifuniko. Hakuna kinachoharibika ukifungua wakati wa kukanda. Unachotaka kuona ni donge moja la mviringo linalozunguka na kikandio, kuta za sufuria zikiwa safi, na chini yake kukiwa na kimkia kidogo kinachoshika na kuachia. Liguse kwa ncha ya kidole: linanata kidogo, kisha linaachia bila kukuachia unga kidoleni. Likiwa limesambaa kama uji mzito, linapiga chap-chap, ongeza unga kijiko kimoja cha chakula, subiri dakika nzima ndipo uamue cha pili. Likiwa limegawanyika vipande vinavyogonga ko-ko-ko, ongeza maji kijiko kimoja cha chai, subiri hivyohivyo. Unga ukigoma pembeni, usukume kwa mwiko wa plastiki. Dakika hii moja ina thamani kuliko kijitabu chote, kwa sababu unga wa kiangazi na wa masika haunywi maji sawa hata ukitoka pakti za aina moja.

Baada ya kukanda kwa mara ya mwisho, kabla ya kuumuka kwa mwisho, unaweza kulowesha mkono, kunyanyua donge, kuchomoa kikandio na kulirudisha. Mkate utabaki na kitundu kidogo cha mhimili badala ya pango.

Kupima kama umeiva kwa kipimajoto: Arusha maji huchemka karibu na nyuzi 95, kwa hiyo katikati ya mkate hakutawahi kufika zile 97 au 98 zinazotajwa mara nyingi. Ukisoma 92 umeiva. Bila kipimajoto, gonga chini; usikike mtupu. Utoe kwenye sufuria ndani ya dakika tano, la sivyo mvuke unageuza ganda kuwa kitambaa kilicholowa. Uweke juu ya waya, na kisu kisiguse kabla ya saa moja. Najua harufu inashawishi, lakini ukikatwa moto slesi zinajikunja kama ugali na mtu atasema haujaiva.

Ukitaka kubadilisha ladha, kumbuka kwamba ngano pekee ndiyo inayobeba mkate. Ulezi ni mtamu sana humu, hasa kwa aliyezoea harufu yake tangu utoto Kilimanjaro, ila hauna nguvu ya kushika gesi: gramu 100 za unga wa ulezi kwa 400 za ngano, maji 320, na usivuke hapo. Unga wa ngano usiokobolewa unaweza kufika nusu, maji 330, ukiacha vilowe dakika 20 kwenye sufuria kabla ya kuwasha. Kwa ndizi, ponda gramu 150 za ndizi tamu za kisukari zilizoiva hadi maganda yana madoadoa, punguza maji hadi 210 kwa kuwa sehemu kubwa ya ndizi ni maji, na ondoa sukari yote. Mchare, ndizi ya kupika, usiuguse, huo una kazi yake jikoni. Maziwa ya ng'ombe badala ya maji ni sawa ukiyachemsha kwanza na kuyapoza, maana mabichi hulegeza donge. Lakini usiyaache na saa ya kusubiri usiku kucha, wala mayai.

Umeme ukikatika, la muhimu ni kujua umekatikia wapi. Mashine nyingine hukumbuka zilipofika kwa dakika chache, nyingine huanza upya hata baada ya sekunde moja. Ukikatika wakati wa kukanda, anza upya tu. Ukikatika wakati wa kuumuka, usifungue. Donge linaendelea bila umeme. Likikaribia kufika ukingoni mwa sufuria na umeme umerudi, weka programu ya kuoka peke yake, dakika 50 hadi 60. Kama haujarudi, lihamishie kwenye bati lililopakwa mafuta na uoke kwa mkaa: sufuria kubwa nzito, mchanga mkavu wa unene wa vidole viwili chini, bati juu yake, mfuniko, theluthi ya makaa chini na theluthi mbili juu ya mfuniko. Dakika 40 hivi. Makaa yakizidi chini utapata kitako cheusi na tumbo bichi. Ukikatika katikati ya kuoka, acha kifuniko kimefungwa, joto la ndani linafanya kazi kwa muda, kisha malizia umeme ukirudi.

Mkate ulioharibika nao unajieleza. Umebonyea juu na vitundu vyake ni vikubwa: hamira imezidi au maji yamezidi. Punguza hamira robo kijiko kwanza, usibadilishe vitu viwili kwa siku moja, hutajua kipi kilisaidia. Umepanda kama uyoga na kuinamia upande: hamira nyingi, au chumvi ilisahaulika. Mfupi, mzito, juu umepasuka: maji machache. Mfupi na mweupe huku hamira ni nzima: unga wa maandazi. Ganda gumu mno: mafuta yalikuwa kidogo.

Usiuweke kwenye friji, huko hukauka haraka kuliko mezani. Siku mbili kwenye kitambaa ndani ya mfuko zinatosha Arusha. Moshi kwenye joto ukungu unaweza kuwahi, kwa hiyo kata slesi siku hiyohiyo, zilizobaki ziingie friza, na asubuhi toa unazohitaji moja kwa moja hadi kikaangoni. Kikandio kikigoma kutoka kwenye sufuria, jaza maji ya moto hadi kizame, subiri dakika 15, kizungushe kwa mkono. Kisu kisitumike humo.