Kubuni bango la makumbusho linalounganisha ubongo na kompyuta

Mwongozo huu unahusu bango moja la ukubwa wa A1, yaani milimita 594 kwa 841, linalokusudiwa wanafunzi wa sekondari wanaotembelea maonesho hapa Dodoma.

Hatua ya 1. Kabla ya kuwasha kompyuta, andika sentensi moja itakayotawala bango zima. Yangu ni hii: mwaka 1943 watafiti Warren McCulloch na Walter Pitts walieleza kazi ya seli ya neva kwa hesabu za mantiki, na wazo hilo likaingia katika kompyuta. Kisichoitumikia sentensi hiyo kiondolewe, hata kikiwa kizuri namna gani.

Hatua ya 2. Chora seli ya neva kwa programu ya kuchorea ya Inkscape, ili mistari isiharibike ikikuzwa. Fuata mtindo wa Santiago Ramón y Cajal, mwanasayansi wa Hispania aliyechora seli za neva kwa mkono na mshindi mwenza wa Nobeli ya mwaka 1906, na si zile picha za buluu zinazomeremeta zilizojaa intaneti, seli haimeremeti.

Hatua ya 3. Hapa ndipo penye kazi. Chora mizani ya sahani mbili, kama zilizozoeleka sokoni. Kila jiwe ni ishara kutoka seli nyingine, na uzito wake ni nguvu ya muunganiko: sahani ya kulia hubeba mawe yanayochochea, ya kushoto yanayozuia. Kulia kukizidi kushoto kwa kiwango kilichowekwa, seli hutoa msukumo wa umeme. Kompyuta inayoiga seli nayo huzidisha kila ingizo kwa uzito wake, kisha hujumlisha. Kujifunza ni kubadilisha uzito wa mawe, jambo ambalo Frank Rosenblatt alilionesha mwaka 1958 kwa perseptroni yake, yaani mfumo wa kompyuta unaoiga seli za neva. Kando ya mizani hiyohiyo eleza tofauti: katika kompyuta mawe ni namba tu, ilhali katika ubongo ishara nyingi huvuka sinapsi, yaani maungio kati ya seli na seli, kwa kemikali. Niliwahi kuiweka tofauti hiyo chini kabisa kwa herufi ndogo, na wageni wakaondoka wakiamini kichwani mna kompyuta.

Hatua ya 4. Maelezo yawe ya herufi za ukubwa wa pointi 24 au zaidi. Tumia rangi ya chungwa na buluu, kwa kuwa wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani, na uchapishe kwenye karatasi isiyong'aa, maana jua la mchana la Dodoma likipenya dirishani hufuta kila kitu.

Hatua ya 5. Chapisha nakala ya majaribio, umwombe mwanafunzi wa kidato cha pili akueleze mizani hiyo bila msaada wako. Pale anaposita, rekebisha mchoro kwanza, maneno baadaye.